Ng'ombe wa Mahari ya Binti Yangu Walivyogeuka Pikapu

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mkulima wa mpunga, mwenyeji wa Didia huku Shinyanga. Nimezaa mara mbili. Kwanza binti, Kabula, na baada yake mapacha wa kiume, Kulwa na Doto. Nimechoka... Si uchovu wa jembe, huo nimeuzoea tangu nikiwa msichana. Ni uchovu wa kuishi nyumba moja na mtu uliyemwambia ukweli akaukataa, na sasa mnabaki kutazamana tu wakati wa kula.

Mtu huyo ni mume wangu, Masanja. Nitamtaja hivyo hivyo kwa jina, maana "Baba Kabula" siku hizi linanikwama kooni.

Msidhani nalalamikia gari. Gari ni chuma, halina kosa. Na huku kwetu nani asiyeipenda pikapu? Mvua ikinyesha, udongo wetu wa mbuga unalainika kama ugali mbichi. Gari dogo likiingia humo, linakaa mpaka jua litoke. Pikapu inapita! Inabeba mpunga, inabeba mbuzi, inabeba mgonjwa, na Jumapili inakupeleka kanisani ukiwa umekaa mbele kama mtu mwenye maana.

Ukienda Kahama, pale sokoni Nyasubi, utaziona zimepangana, nyingine zimebeba magunia mpaka matairi yamelegea. Masanja alikuwa akifika pale anasahau kilichompeleka. Anazizunguka. Anagonga bodi kwa ngumi, anasikiliza, anatikisa kichwa kama daktari. Nilikuwa namtania kwamba angeoa pikapu kama ingekuwa na mama mkwe.

Kumbe nilikuwa nacheka mapema!

Kilichommaliza kabisa ni jirani yetu aliyekwenda machimboni Geita akiwa na baiskeli, akarudi na pikapu yenye viti nyuma na mbele. Kila aliyekuwa kilabuni alisimama kumpokea. Wazee waliokuwa wakimwita kijana wakaanza kumwita tajiri. Masanja alirudi nyumbani siku hiyo hakula. Alikaa akilitazama zizi.

Na zizini kulikuwa na nini? Kulikuwa na ng'ombe wa Kabula.

Hapa naomba mnielewe vizuri, hasa nyie ambao si Wasukuma. Kwetu binti akiolewa, ng'ombe huja nyumbani kwa baba yake. Lakini ng'ombe wale si wa kuchezea. Ndoa ikivunjika, wanatakiwa kurudi walikotoka. Binti akiwa amezaa, wanapunguzwa kwa ajili ya watoto. Asipozaa, wanarudi wote. Kwa hiyo zizi likiwa limejaa, binti anajua akishindwa huko aliko, mlango wa kwao uko wazi. Zizi likiwa tupu... basi tena.

Kabula alikuwa ameolewa upande wa Kahama na kijana mmoja mfanyabiashara wa mifugo, anaitwa Luhende. Ndoa ilikuwa bado changa, mtoto hajapatikana. Nilimwambia Masanja asiwaguse wale ng'ombe mpaka tuone mjukuu. Akaniambia mimi ni mwoga. Eti ng'ombe wanakunywa maji na kungoja ugonjwa, lakini gari linazaa kila siku. Mwaka mmoja tu, alisema, atanunua ng'ombe wengine, wengi kuliko wale.

Akawauza.

Pikapu ilikuja ikiwa nyeupe, mlango mmoja wa bluu uliotoka kwenye gari jingine. Masanja akamwita mchoraji, akaandikisha nyuma kwa herufi kubwa: KABULA. Alisema ni shukrani kwa binti yetu. Basi kijiji kizima kikaanza kuiita hivyo. Utasikia, "Kabula amepita na mchanga." "Kabula amezimika Isaka." Wengine walicheka. Mimi kila nikisikia jina la mwanangu likitajwa na matope, moyo ulikuwa unashtuka.

Sitadanganya, mwanzoni nilifurahi. Nilikaa mbele, nimejifunga kitenge kipya, watoto wa njiani wananiamkia, "Shikamoo mama pikapu!" Naitikia marahaba huku nimeshika mlango usifunguke, maana ule wa bluu ulikuwa na tabia zake.

Lakini pikapu kijijini si ya mwenyewe, jamani. Ni ya wote! Mtu akifariki, pikapu ya Masanja. Mjamzito akishikwa na uchungu, pikapu ya Masanja. Harusi, jeneza, saruji ya kanisa, mahindi ya shangazi... Utamkatalia nani, wakati kesho msiba utakuwa kwako? Wanakuachia kuku na asante nyingi, na asante haiingii kwenye tangi.

Masanja akaona ameheshimika lakini hapati kitu. Akaipeleka machimboni, kule Geita, kubeba mawe kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, hadi kwenye karasha yanakosagwa. Gari lililozoea magunia ya mpunga likaanza kubebeshwa mawe! Springi zikakatika. Matairi yakaisha. Tukauza mbuzi, tukanunua matairi. Tukauza mpunga kabla haujakauka vizuri, tukanunua sijui kitu gani cha injini. Gari lilikuwa linakula kuliko mapacha, na mapacha wangu wanakula!

Zizini kukaota majani. Nikawa nachuma mboga mle ndani.

Ndipo Kabula akarudi.

Alifika asubuhi, nikiwa naanika mpunga. Alinisalimia, "Mwangaluka mayu," yaani umeamkaje mama, kama vile amekuja kututembelea. Kisha akavua mtandio. Jamani! Shingo yote ilikuwa na alama za mkanda. Alisema Luhende anampiga kwa sababu hajazaa. Anampiga akiwa amelewa, na akiwa hajalewa anampiga vizuri zaidi, kwa sababu halengi ovyo. Alisema hawezi tena. Nilimkumbatia, nikamwambia amefika kwao, hakuna wa kumgusa.

Niliyasema hayo mimi, mama mzima, nikiwa nimeligeuzia mgongo zizi tupu.

Haukupita muda mrefu wakaja. Baba mkubwa wa Luhende, wazee wengine wawili, pamoja na mshenga aliyesimamia ndoa. Hawakuja kwa shari, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Walikunywa uji, wakashukuru. Kisha yule baba mkubwa akasema kwamba mtoto ni wetu, hawamlazimishi mtu, akitaka kukaa akae. Wao wanaomba tu warudishiwe ng'ombe wao.

Masanja akatazama chini. Wale wazee wakageuza shingo kutazama zizi. Wakayaona majani.

Halafu yule baba mkubwa akainyooshea kidole pikapu iliyokuwa imesimama uani, imetoka Geita jana yake.

"Kama ng'ombe ndio hao," alisema, "basi tupeni hao hao. Hatuna ugomvi."

Nilihisi Mungu amefungua mlango! Nilisema pale pale mbele yao, "Wape, baba Kabula. Wape waondoke nayo."

Mnajua alichonijibu mume wangu?

"Nyamaza. Mambo ya mahari ni ya wanaume. Hili gari ni kazi yangu, nikilitoa nitakula nini?"

Nililia. Nilipiga magoti kwenye vumbi mbele ya wakwe, si magoti ya kusalimia, ya kuomba. Nikamwambia tutalima, tutakula tulivyokuwa tunakula zamani. Hakunitazama. Aliwaambia wazee kwamba ndoa zote zina misukosuko, kwamba Kabula bado ni mtoto, atarudi kwa mumewe, na Luhende aonywe. Wazee wakakubali. Mshenga akasema busara imetumika. Busara!

Akawasha gari.

Mbele walikaa Masanja, yule baba mkubwa na mshenga. Wazee wengine wawili wakapanda nyuma, wakakalia turubai. Kabula akapanda nyuma pia, akakaa juu ya tairi la akiba, mfuko wake mapajani. Gari lililonunuliwa kwa ng'ombe wake, lenye jina lake, lilimkosesha nafasi ya mbele. Nililikimbilia mpaka barabarani. Hakulia. Alinitazama tu mpaka vumbi likamfunika.

Masanja aliporudi alisema wamepokelewa vizuri. Kesho yake alikwenda tena Geita kubeba mawe.

Baada ya wiki chache nikapigiwa simu na mama mmoja, jirani wa Kabula. Alikuwa ananong'ona. Aliniambia nije hospitali Kahama, nisingoje mtu. Nikampigia Masanja alete gari. Alikuwa machimboni, injini imenoki, fundi ameifungua yote iko chini juu ya turubai. Ile pikapu iliyowabeba wagonjwa wa watu wote wa Didia haikuwepo siku ya mwanangu. Nilikodi bodaboda mpaka barabara kuu, nikapanda basi, nikaomba Mungu njia nzima kwa sauti bila kujali abiria.

Nilimkuta amelala kifudifudi. Muuguzi alinivuta pembeni, akaniuliza kama mimi ndiye mama. Akaniambia Kabula alikuwa na mimba.

Mimba! Ile ile waliyokuwa wanamdai! Alikuwa ameibeba bila mwenyewe kujua, na Luhende aliitoa kwa mateke kwa sababu ya chakula kilichopoa. Kilichotolewa pamoja na mimba ile sitakiandika chote. Itoshe kusema daktari aliniambia mwanangu hatazaa tena.

Nilikaa sakafuni.

Kabula alipopata nguvu tukaenda polisi, kwenye dawati la jinsia. Dada aliyetusikiliza aliandika, akaacha kuandika, akaniuliza nani alituambia kwamba mtu mzima anarudishwa kupigwa kwa sababu ya ng'ombe. Hakuna aliyetuambia. Tulikuta hivyo, tukaendelea hivyo. Luhende aliposikia anatafutwa alikimbilia machimboni, na huko watu wanabadilisha majina kama mashati. Mpaka leo hajapatikana. Wazee wake hawakuja tena kudai ng'ombe. Hata ule uji wetu wameusahau.

Masanja alikuwa amekuja hospitali siku mbili baada yangu, kwa basi. Kabula alimwambia muuguzi kwamba hamfahamu mtu huyo. Masanja akakaa nje kwenye benchi mpaka jioni, kofia mkononi, kisha akaondoka. Nilimwona kupitia dirisha. Nilitaka kumwonea huruma... ikagoma.

Pikapu haikupona. Aliiuza vipande vipande, mwingine akachukua matairi, mwingine bodi, na ule mlango wa bluu ukarudi sokoni kutafuta gari jingine la kulisumbua. Kwa alichopata, na kwa mpunga wa misimu iliyofuata, amenunua ng'ombe wanne. Ameng'oa majani zizini kwa mikono yake. Anawalisha mwenyewe, hata mapacha hawaruhusu kuwagusa. Sisi tunaishi. Nampikia, anakula, anasema asante. Hatugombani. Hata kugombana kunahitaji nguvu.

Kabula hajarudi Didia. Amepanga chumba Nyasubi, anakaanga maandazi na kuuza chai sokoni. Mwezi uliopita Masanja aliniita akaniomba niende nikamwambie mwanangu kwamba ng'ombe wake wamerudi, wako wanne, watakuwa wengi, na hakuna atakayewagusa tena. Nilikwenda.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, unga mikononi. Mbele yake pikapu zilikuwa zimepangana, zinapakia. Nikamfikishia ujumbe wote kama nilivyopewa. Alisikiliza, akageuza maandazi kwenye mafuta, moja moja, mpaka yakaisha.

"Mayu," aliniambia, "mwambie baba hao ng'ombe ni wake, anywe maziwa yao. Wa kwangu aliwaendesha mpaka Geita, wakafia huko."

Akanifungia maandazi ya kula njiani.

Ndugu zangu wasomaji, nyie akina baba mnaozunguka pikapu sokoni na kugonga bodi, siwazuii kuzipenda. Ni gari zuri, barabara zetu tunazijua wenyewe. Limeni, uzeni mpunga wenu, nunueni kwa jasho lenu. Na nyie akina mama wenzangu, mkisikia ng'ombe wa binti wanatajwa, pigeni kelele siku hiyo hiyo wakiwa bado zizini. Mimi nilipopiga kelele zangu kubwa walikuwa wameshaondoka.

Na kama ni lazima mwuze, basi kabla hamjafungua zizi, mpigieni binti simu. Mwulizeni swali moja tu: mwanangu, huko uliko, unalala salama? Masanja hakuuliza. Jibu nikaenda kulichukua mimi, hospitali, kutoka kwa muuguzi.