Siku Bibi Alipokuwa Chumba cha Pasi

Kila asubuhi Mjuaji alikunywa chai yake, akageuka, akakuta sare imenyooka juu ya kiti. Aliyeipiga pasi ni bibi yake. Kusema asante? Thubutu! Kwake yeye, bibi alikuwa mzee tu aliyestaafu kazi ya kupiga pasi mashuka ya hospitali. Jina la Mjuaji wenzake hawakumpa bure: kichwa kilikuwa kimejaa upepo.

Siku moja mwalimu wa historia aliwataka wanafunzi waandike maisha ya wazee wao. "Mtayasoma mbele ya wazazi," alisema, "kisha yatapelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa, yakae humo hata sisi tukishaondoka."

Jioni Mjuaji aliketi mbele ya bibi, amekunja uso.

"Bibi, siku tuliyopata uhuru ulikuwa wapi?"

"Kazini, mjukuu wangu. Wenzetu walikwenda uwanjani, chumba cha pasi tukabaki wawili. Na akina mama waliojifungua siku hiyo walikuwa wengi! Nalamba kidole, nagusa pasi kupima moto. Ikilia chwii, napiga shuka."

"Yaani hukwenda hata kuchungulia?"

"Na wale wazazi wangelalia nini? Bendera?"

Mjuaji akafyonza. Historia gani hiyo, ya mashuka! Akaenda chumbani akatunga yake: bibi alisimama mstari wa mbele uwanjani, akapeana mikono na viongozi, akalia kwa furaha.

Siku ya kusoma, darasa lilijaa pomoni. Mjuaji alisoma kwa madaha, makofi yakalia. Bibi, aliyekaa karibu na dirisha, akainua mkono.

"Mwalimu, huyo mama anapendeza kweli. Ni nani?"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka.

"Mimi siku ile nilipiga pasi mpaka mikono ikavimba. Leo mjukuu wangu kanifuta, kaweka mgeni mahali pangu. Nikifa, atakayekumbukwa ni huyo."

Upepo wote ukamtoka Mjuaji. Alitazama sakafu, aibu inamchoma.

"Bibi alikuwa chumba cha pasi," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona haya kuandika."

"Waliopunga mikono uwanjani tunawajua, picha zao zimejaa tele," mwalimu alisema. "Tukiandika hao tu, vitukuu wetu watadhani siku ile nchi nzima ilikuwa imesimama inapiga makofi. Na uongo ukishaingia kwenye hifadhi, nani ataujua? Nenda kaandike upya. Safari hii, sikiliza."

Akaandika upya, mashuka na kila kitu, na bibi akasomewa mpaka akaridhika.

Kesho yake Mjuaji alijipigia pasi mwenyewe. Kola ikaungua. Bibi akaishika, akaigeuza huku na huku, akaguna.

"Hukulamba kidole wewe. Hilo nalo liandike."