Kiti cha Pili cha Mzee Clarrie

"Des! Vitunguu hakuna!"

Sauti ya Noelene ilitoka ndani ya karavani, ile nyumba yao ya magurudumu, ikifuatwa na kishindo cha droo iliyosukumwa kwa hasira. Nje, chini ya turubai, soseji zilikuwa zishaanza kutoa mafuta kwenye kikaango. Na soseji bila vitunguu, kwa Noelene, si chakula. Ni adhabu.

"Si ulisema utanunua kule mjini Charleville?" Des akajibu.

"Nilikutuma wewe! Ukakaa nusu saa unapiga soga na fundi wa matairi, mpaka nikasahau sura yako."

Des Pocock akacheka. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa akigombezwa hivyo hivyo, na wallahi hakuna kitu alichokipenda zaidi. Nyumba yao ya mjini Toowoomba walishaiuza. Sasa hawakuwa na kingine duniani ila karavani, gari la kuikokota, mbwa wao Tofi, na wao wawili.

Jioni hiyo walikuwa wameegesha kwenye kambi ya bure ya wasafiri kando ya kijito kikavu. Jua lilikuwa linazama. Kulikuwa na karavani nyingine moja tu, hatua mia hivi kutoka kwao, kuukuu, rangi imepauka. Mbele yake moto mdogo ulikuwa unawaka.

"Nenda kaombe kwa jirani," Noelene akasema. "Na uchukue kiti chako!"

"Naenda kuomba kitunguu, mama, siendi harusini."

Hapo ndipo alipokosea. Watu wa karavani wana sheria moja ambayo hata mtoto wao anaijua: ukienda kwenye moto wa mwenzako, nenda na kiti chako. Mzigo wa karavani unapimwa kwa kilo, hivyo watu wawili hubeba viti viwili, mtu mmoja kiti kimoja, na kila kiti kina jina la mwenyewe mgongoni. Cha Des kiliandikwa DES kwa mwandiko wa Noelene. Kiti cha mtu hakikaliwi na mwingine. Basi.

Tofi alimfuata hadi katikati ya njia. Kisha akaketi, masikio yamelala.

"Twende, mvivu we."

Mbwa hakusogea.

Harufu ilimfikia Des kabla hajaufikia moto. Vitunguu vinavyokaangwa... vitamu, vya kahawia. Na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Mzee mwembamba mwenye kofia pana alikuwa ameketi akikoroga kikaango. Kando yake palikuwa na kiti cha pili, kitupu.

"Naitwa Clarrie," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Karibu. Kaa."

"Nashukuru, bwana. Mimi Des. Nimetumwa kitunguu tu."

"Kaa kwanza. Goti linakuuma."

Kweli lilikuwa linamuuma. Alikuwa amezungusha jeki nne za karavani tangu wafike. Hakujiuliza huyu mzee amejuaje. Wala hakujiuliza mtu anayeishi peke yake anabebea nini viti viwili.

Akakaa.

Clarrie akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia begani.

"Shemeji anaitwa nani?"

"Noelene."

"Chai anakunywa na sukari ngapi?"

"Mbili. Ila akiulizwa na daktari anasema hatumii." Des akacheka.

Clarrie hakucheka. Midomo yake ilikuwa inarudia polepole: Noelene... mbili...

"Na mbwa?"

"Tofi."

Mzee akainuka. Akachukua kitunguu kimoja kwenye kikapu, akakipangusa kwa shati. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Nisamehe, bwana Des," akanong'ona. "Na mimi nilikuja kuomba kiberiti tu."

Akaondoka. Akatembea kuelekea kwenye turubai la Des, na kwa kila hatua mgongo wake ulikuwa unanyooka, mabega yanapanuka, na mguu wa kushoto ukaanza kuchechemea.

Ule ulikuwa mwendo wa Des.

Des akataka kuinuka. Akaitazama mikono yake magotini. Ilikuwa myembamba, ya mtu mwingine.

"NOELENE!"

Kule chini ya turubai Noelene aliinua kichwa. Akamtazama moja kwa moja. Kisha akampungia kijiko, kwa ukarimu tu, kama mtu anavyompungia asiyemjua.

"Jirani ana nini?" Sauti yake ilisikika vizuri kabisa.

"Mpweke tu, maskini," ikajibu sauti ya Des. "Lete kisu nikate kitunguu."

Tofi alibweka mpaka akakaukiwa na sauti. Noelene akamgombeza, akamfunga kamba. Yule mtu akaketi kwenye kiti kilichoandikwa DES, akapokea sahani, akala. Noelene akasema kitu, wakacheka wote wawili.

Des aliinuka akaenda. Alihesabu hatua mia. Ya mia ikamfikisha kwenye moto ule ule, kikaango kile kile, vitunguu visivyoungua. Akajaribu tena. Na tena. Alilia kama mtoto, jamani, na hakuna aliyemsikia. Mara ya mwisho alipita nyuma ya kiti alichokalia Clarrie, akaona majina yameandikwa kwa wino, moja chini ya jingine. Saba. La mwisho lilikuwa CLARRIE, na chini yake nafasi ilikuwa imebaki.

Asubuhi Noelene alikuja mwenyewe.

Alikuja na kipande cha mkate uliookwa ndani ya majivu, kimepakwa siagi, kwenye sahani ya bati. Ukiomba kitu kwa jirani wa kambi, humrudii mikono mitupu, hiyo nayo ni desturi. Alisimama mbele ya Des, karibu kiasi kwamba Des aliinusa ile krimu yake ya kujikinga na jua.

"Asante kwa kitunguu, baba. Uliniokoa."

Ni mimi, Noelene. Ni mimi! Des alisukuma maneno kwa nguvu zake zote. Kinywa kikafunguka.

"Karibu," kikasema. "Kaa."

Noelene akakitazama kiti kitupu. Akatazama nyuma, ambako yule mtu alikuwa anakunja turubai.

"Dakika moja tu, basi. Miguu imenichosha."

Akashika mkono wa kiti.

Des akaelewa. Akikaa huyu, mimi niko huru. Na yeye atabaki hapa, na vitunguu hivi, peke yake, hadi lini? Mwili wote wa Des ulitamani Noelene akae. Hata ulimi ulikuwa tayari kumuuliza mumewe anaitwa nani.

Alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki chake. Goti linalouma.

Akarusha mguu. Maumivu yakampasua hadi kiunoni, na kiti kikapinduka kikaangukia motoni. Cheche zikaruka. Noelene akapiga yowe, sahani ikamtoka.

"Makubwa! Mzee, una wazimu?"

Akakimbia. Des alimtazama akikimbia, na alifurahi, na moyo ulikuwa unamvunjika.

Hawakukaa hata dakika kumi. Yule mtu akakaa kwenye usukani. Noelene akasimama nyuma ya karavani, kama alivyosimama miaka yote, akimwelekeza kwa mikono: njoo, njoo, kushoto kidogo... simama. Kisha akagonga bati la karavani mara mbili kwa kiganja. Maana yake ilikuwa *vizuri, mzee wangu*. Des peke yake ndiye aliyekuwa anagongewa hivyo.

Gari likaondoka. Kwenye dirisha la ubavuni Tofi alikuwa amesimama, anamtazama, mpaka vumbi likamfunika.

Mchana kutwa Des alikaa. Kiti kiliungua hadi kikawa majivu, akahakikisha kwa macho yake. Akajiambia yamekwisha. Nitakaa hapa peke yangu, lakini hakuna mwingine.

Jua lilipoanza kuzama aligeuka.

Kiti cha pili kilikuwa mahali pake. Kizima. Kitupu.

Na barabarani gari lilikuwa linapunguza mwendo, likikokota karavani nyeupe, mpya. Likaegesha hatua mia kutoka kwake. Milango ikafunguliwa, vyombo vikagongana. Baada ya muda mwanamke akapaza sauti.

"Na uchukue kiti chako!"

Mwanamume akacheka. "Naenda kuomba chumvi tu!"

Des akafumba macho. Geuka, kijana. Geuka. Nyayo zikakaribia juu ya changarawe... na akahisi midomo yake, taratibu, inaanza kutabasamu.