Upande wa Kushoto

—Mama Pacha ni nani hapa?

Mwanamke akainuka kwenye benchi, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni. Alikuwa ametoka mbio kwenye kibanda chake cha kushonea asubuhi, baada ya simu ya muuguzi: "Mgonjwa wetu, fundi wa mageti, katupa namba yako. Ndiyo pekee aliyo nayo kichwani."

Daktari wa upasuaji alisimama mlangoni, barakoa kidevuni.

—Mama, saratani ya utumbo mpana tumeikata. Shida ni ini, imeshafika huko. Picha ilionyesha madoa upande wa kulia tu. Tumefungua, tumekuta na kushoto.

—Toeni yote!

—Tukitoa yote leo, ini litakalobaki halitamweka hai. Tunaweza kusafisha kushoto, tungoje wiki kadhaa upande huo ukue, ndipo turudi tukate wa kulia. Wengine hawafiki huko. Au tumfunge, abaki na dawa tu. Alisema likitokea jambo uulizwe wewe.

—Ungekuwa wewe, daktari, ungefanyaje?

—Mimi si mkewe.

—Hata mimi si mkewe! Aliniacha kwa meseji, mwaka wa pili huu. Soma!

"Nimekuacha. Vitu vyako viko kwa dada yako."

Daktari akasoma, akamrudishia simu taratibu.

—Mama, yuko wazi mezani.

Miaka miwili mwanamke alikuwa akitunga matusi ya kumpa siku wakikutana. Sasa hata moja halikuja.

—Safisheni kushoto.

Jioni alimkuta mgonjwa kafumbua macho, mrija puani, midomo imemkauka.

—Wameitoa yote?

Muuguzi akamkonyeza mwanamke: mpe moyo. Mwanamke akashindwa kudanganya.

—Bado, Baba Pacha. Upande wa kulia wanangoja.

—Wanangoja nini?

—Ini lako likue.

—Mimi najua kuchomelea vyuma. Ini nalikuzaje?

—Hulikuzi. Unalala tu.

—Likigoma?

—Sijui. Hata daktari hajui.

Mwanamume akageuzia uso ukutani, mabega yakamtikisika. Mwanamke akapitisha mkono chini ya shingo yake, akamwegemeza.

—Nilikukosea, mama.

—Sana tu. Nyamaza, utafumua nyuzi.

—Basi usiondoke.

—Nitaondokaje, nawe umelalia mkono wangu?