Lami Mlangoni kwa Ergino

Kinyago kilikuwa kinadondosha maji.

Wewe unayetabasamu hapo, subiri kwanza. Kinyago ni matambara ya kitani yaliyolowekwa kwenye gundi, yakabandikwa juu ya kichwa cha udongo, yakaanikwa juani mpaka ukiyagonga yanalia kama ngoma. Hakina jasho, hakina mate. Lakini asubuhi ile Ergino alipokishusha msumarini, kibandani kwa fundi Simo, kwenye mtaa wa wafinyanzi hapa hapa Athene, maji yalikuwa yanatoka mdomoni tone baada ya tone, na yalinuka tope la kisimani.

"Fundi, umekimwagia nini hiki?"

"Nikimwagie maji kitu nilichohangaika kukikausha?" Simo hakuinua hata macho. "Huo ni umande. Waigizaji bwana! Mtu anapewa kinyago cha mfalme, anaanza kulalamika kama mfalme."

Ergino alitaka kucheka. Akakigeuza kinyago kwenye mwanga, akauona uso anaoujua. Pua ile pana, kidevu kile kilichojitokeza kama kinakutafutia ugomvi.

"Fundi Simo. Umetumia kichwa gani cha udongo?"

Simo akajikuna shingo. "Kile cha marehemu ndugu yako. Nilishakifinyanga kiangazi, kabla hajafa. Vichwa vyenu vilikuwa sawasawa. Nitupe udongo mzuri kwa sababu gani?"

Basi nikueleze mambo yalivyokuwa, maana Ergino mwenyewe hakueleza mtu. Walizaliwa wawili kwa mama yao Nikareti: Ergino mkubwa, Pamfilo mdogo. Wote waigizaji. Ila Pamfilo akifungua mdomo watu wa viti vya juu kabisa, wale wanaokuja kutafuna lozi na kusengenyana, walikuwa wananyamaza. Ergino alipewa kubeba mkuki na kuleta habari mbaya jukwaani. Stratio, mwalimu wa mchezo, alipotunga mkasa mpya wa mfalme aliyemuua ndugu yake mawindoni akadanganya watu kuwa ni nguruwe mwitu, hakuuliza mara mbili. Mfalme ni Pamfilo.

Kiangazi hicho wakasafisha kisima cha uani kwao. Pamfilo akashuka, Ergino akashika kamba. Kazi ilipoisha Pamfilo akaanza kupandishwa, huku anaimba na kumtania kaka yake kutoka kule kizani: "Vuta wewe, mbeba mkuki! Vuta, mfalme anapanda!"

Na mikono ikalegea. Ilijilegeza au alilegeza yeye, hilo hata moyoni mwake alikuwa hajiulizi. Anachojua ni kwamba baada ya kusikia ule mshindo alichukua kisu, akaikata kamba, kisha ndipo akapiga kelele. Majirani walipofika akawaonyesha ncha ya kamba. "Imekatika! Imekatika!" Mama yake naye akasikia hivyo, akamkumbatia, akamwambia ashukuru miungu kwamba hawakuvutwa wote wawili.

Kisima kikafunikwa kwa jiwe. Kamba ikachomwa. Sehemu ya mfalme ikaja kwa Ergino. Na yeye akajiambia kila siku maneno yale yale: mama amebaki na mtoto mmoja. Nikisema, atabaki hana hata huyo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yake. Mama asijue. Mengine yote angeyavumilia.

"Naenda nacho nyumbani," akamwambia Simo. "Nikizoee."

"Leo? Kesho si ndiyo siku ya wafu? Kiache hapa, kaka. Uso usio na mtu ndani hauingizwi nyumbani siku wafu wakitembea."

"Wewe gundi imekupanda kichwani," Ergino akasema, akakifunga kwenye joho lake. Sababu yake nyingine ilikuwa hii: aliogopa Simo asije akakitazama sana.

Siku ya wafu, kila nyumba mtaani watu waliamka wakitafuna yale majani machungu ya miiba, na kila mlango ukapakwa lami, ili mzimu ukija unase nje, usiingie. Wengine hupaka mstari mmoja tu wakaenda zao kunywa. Ergino alipaka kizingiti, akapaka bawaba, akapaka madirisha, tundu la moshi, mfereji wa maji machafu, hata ufa wa ukuta ambao panya alishausahau. Mikono ikawa myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Mume wangu," mkewe Lisila akamwambia, mikono kiunoni, "unapaka nyumba au unaunda merikebu? Tusafiri leo?"

"Nyamaza wewe. Lete chungu kingine."

"Nani unamwogopa hivyo?"

Ergino akachovya mkono kwenye lami tena. Na kinyago kilikuwa ndani muda wote huo, kimening'inia chumbani nyuma ya pazia. Umeelewa? Alikuwa anafunga mlango huku mgeni ameshakaa.

Adhuhuri ilianza harufu. Chungu cha nafaka na asali, kile cha wafu, kilikuwa motoni, kinanukia vizuri, ghafla harufu ya asali ikazimika kama mtu kaipuliza, likaja tope. Lisila akafunua chungu, akanusa, akafunika. Bibi Nikareti, ambaye macho yake yalishaingia ukungu, akainua uso kutoka kwenye sufu ya kondoo aliyokuwa anaisokota.

"Nani kafungua kisima?"

"Hakuna, mama," Ergino akasema. "Kimefunikwa."

"Basi mbona nasikia kigurudumu?"

Wakatega masikio wote. Na kweli: kule uani, juu ya kisima kisicho na kamba tangu kiangazi, kigurudumu kilikuwa kinazunguka polepole, kwi, kwi, kwi, kama kinapandisha mzigo mzito.

Ergino akakimbilia chumbani. Alitaka kukitwaa kinyago akakitupe barabarani, sijui akakichome, hata mwenyewe hakuwa na mpango, lakini alipokishika vidole vyake vyenye lami vikanasa mashavuni mwa kitani, na alipovuta, badala ya vidole kutoka, kinyago kikamjia usoni, baridi, kimelowa, kikamkaa barabara kama kilichofinyangwa kwa kichwa chake, na kule ndani, mahali ambapo mwigizaji husikia pumzi yake tu, akasikia pumzi mbili, na ya pili ilikuwa ya mtu anayepanda, mtu anayekaribia, mtu anayecheka. Akafungua mdomo kumwita Lisila. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Vuta wewe, mbeba mkuki!"

Kule nje Bibi Nikareti akadondosha sufu. "Pamfilo?" Akainuka akipapasa ukuta. "Pamfilo, mwanangu! Lisila, umesikia? Ni Pamfilo huyo!"

Ergino akakirarua kinyago usoni, ngozi ikaondoka na lami. "Ni mimi, mama! Nafanya mazoezi!"

Mama akasimama mlangoni, mkono hewani. "Wewe," akasema taratibu, "hujawahi kuwa na sauti hiyo."

Jua lilipozama mtaa mzima ukatoka milangoni kama desturi, wanaume, wanawake, watumwa, watoto wakigonga masufuria: "Tokeni nje, mizimu! Sikukuu imekwisha! Tokeni!" Na unajua raha ya kelele zile, kila nyumba inapumua, watu wanataniana mzimu wa nani ulikuwa mnene. Ergino naye akasimama kizingitini kwake, akapaaza sauti kuliko wote.

"Tokeni nje!"

Kitu kikaitika. Kikaanza mbio ndani ya nyumba, miguu iliyolowa, chap chap chap, kikafika mlangoni kikakwama, kikarudi, kikapanda ukutani kwenda tundu la moshi, kikakwama, kikateremka kwenye mfereji, kikakwama, kikawa kinazunguka vyumba vyote kama nyuki ndani ya mtungi, vyungu vikaanguka, pazia likavimba, na kila kilipopita kilimgusa Ergino kwenye viganja kwa kitu kikavu kinachokwaruza, kama kamba inayoteleza. Kisha kimya.

Lisila akamtazama mumewe. Alinong'ona: "Umemfungia ndani, Ergino. Umemfungia humu na sisi."

Asubuhi wakamleta Fano, mama mtakasaji, anayetakasa nyumba zenye damu. Mwanamke mfupi, mkali, kabeba nguruwe mchanga kwapani kama mtu anayetoka sokoni. Akafukiza salfa kila pembe mpaka wakakohoa machozi, akamwaga damu ya nguruwe, akanyunyiza maji ya bahari. Alipofika kisimani akasimama. Akamvuta Ergino pembeni.

"Baba, lami unaweza kuikwangua, bado hatatoka. Salfa haimtoi huyu. Huyu anadai neno."

"Neno gani?"

"Usiniulize mimi, mimi sikuwa kisimani." Akamtazama viganja. "Mkono uliofanya, mdomo wake useme. Mama yake asikie. Atatoka siku hiyo hiyo, na pengine atakusamehe, maana marehemu akisamehe hata sheria ya mji haikugusi. Ila ukikaa kimya, atatafuta mdomo mwingine ulio wazi. Hawezi kukaa kwenye maji milele."

Sasa hapa ndipo Ergino alipojiona mjanja. Miungu iwaepushe na siku ya kujiona wajanja! Alifikiri: mwisho wa mchezo, mfalme anasimama mbele ya mlango wa jumba, anakiri. Mama atakuwa kwenye viti. Nitaongeza maneno yangu humo humo. Mdomo utakuwa wangu, mama atasikia, mzimu utapata neno lake, na hakuna atakayejua kitu. Watapiga makofi.

Wiki zikapita. Akakwangua lami yote. Ile ya mikononi haikutoka, akajipaka mafuta, akajisugua mchanga, wapi. Nyumbani pakatulia, kigurudumu tu kililia kidogo kila adhuhuri, kama mtu anayekumbusha.

Siku ya mashindano ya waigizaji jua lilikuwa kali na uwanja umefurika. Ergino akaingia na joho la mfalme na uso wa Pamfilo, na tangu mstari wa kwanza watu wa viti vya juu wakaacha lozi. Waimbaji walipomaliza wimbo wa mwisho akasogea mbele ya mlango. Alimwona mama yake, mdogo, kajifunika, sikio kaligeuzia jukwaani. Akahisi maji baridi yakimpanda kifuani.

"Hakuwa nguruwe," akasema. "Nilikuwa mimi."

Hapo ndipo maneno ya Stratio yalipoishia. Yeye akaendelea.

"Kamba haikukatika. Niliiachia. Alikuwa anaimba, nikaiachia, kisha nikaikata kwa kisu. Mama, ni mimi."

Uwanja wote ukavuta pumzi. Wanaume wazima walilia. Stratio pembeni alikunja uso, kamba imetoka wapi? Kisha akasikia makofi yanavyonguruma, akaanza kutabasamu. Na Ergino alihisi kitu kikimteleza kooni, kinatoka, kinatoka, akajua ameokoka.

Baada ya ushindi mama yake aliletwa nyuma ya jukwaa akiongozwa na Lisila. Mashavu yamelowa. Akampapasa mwanawe begani.

"Umeigiza vizuri, mwanangu. Nusura niamini."

Ergino alifungua mdomo. Angeweza kusema. Palikuwa na watu wachache, na mama yuko pale pale, mkono wake uko begani. Lisila, rangi imemtoka, alikuwa anamtazama na anasubiri.

"Asante, mama," akasema. Basi.

Lisila akaushusha mtandio usoni, akamwongoza mkwewe nyumbani.

Kilichobaki ni desturi. Vinyago vya mchezo ulioisha havirudi nyumbani, hutundikwa ukutani hekaluni kwa Dionisi, mungu wa maigizo. Jioni Ergino akaenda peke yake, akanyoosha mikono myeusi, akakitundika chake kati ya vingine. Akapumua. Akataka kugeuka aondoke.

Hakugeuka. Kutoka kule ukutani aliona mgongo wa mtu unaondoka. Joho lake, mabega yake, mwendo haukuwa wake, ulikuwa wa kujidai, wa mtu anayejua anatazamwa. Mtu yule alifika mlangoni, akajinyoosha kama aliyekaa siku nyingi mahali pembamba, akaanza kuimba. Ergino akamwita. Akaita mama. Akasema kila kitu sasa, kisima, kisu, mikono, akayasema yote kwa sauti ya juu kabisa, na kutoka kwenye mdomo ule ulio wazi wa kitani kikatoka kitu kimoja tu.

Tone la maji.

Mtunza hekalu hupangusa sakafu pale kila asubuhi. Analaumu paa.

Nyumbani kwa Ergino mlango uligongwa giza likianza kuingia. Bibi Nikareti alikuwa karibu, akaufungua mwenyewe.

"Nani?"

"Mimi, mama."

Kikongwe akashika mwimo wa mlango. Lisila alikuja mbio na taa, akamwona mumewe amesimama pale, mzima, anatabasamu, viganja vyake vyeupe, visafi, havina hata alama ya lami. Akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

"Pamfilo?" Mama akanong'ona. Alikuwa anatetemeka, na huwezi kusema ni kwa hofu au kwa furaha. Akampapasa uso, pua, kidevu. Kisha mkono ukasita. "Na kaka yako? Ergino yuko wapi?"

Mtu yule akaingia, akaufunga mlango nyuma yake polepole.

"Kamba ilikatika, mama."