Yule Fundi Baiskeli wa Temeke

Januari ya mwaka hamsini na nne, shule zinafunguliwa, duka la Gulamali pale Kinondoni lilifurika wazazi wa kununua madaftari. Mwalimu Theonest akanyoosha mkono kwenye chupa ya wino ya mwisho. Mkono mwingine ukamuwahi.

"Pole, kaka. Mkono wa nesi hauchelewi," akasema dada mmoja mwenye gauni la kazi, jeupe mpaka linaumiza macho.

Ndiye Kokushubila. Kufika Pasaka, kila Jumamosi alasiri alikuwa kwenye darasa la watu wazima la Theonest, wanajifunza kutunga hadithi, na wakitoka wanasindikizana taratibu kama waliovaa viatu vya kuazima. Theonest keshaandika barua ya posa. Jumapili mjomba wake, Mzee Gozbert, aipeleke.

Ijumaa akaketi kusahihisha. Aliwaagiza wanafunzi watunge hadithi: mhusika mkuu, mandhari, mgogoro. Daftari la Koku akalifungua huku anatabasamu.

"Mimi nampenda fundi baiskeli wa Temeke. Kila nikipita huniambia nimependeza..."

Tabasamu likafa. Kurasa nne! Kovu la kidevuni, fulana ya mistari, mikono ya grisi. Vitu hivyo mtu haoti, kaviona! Akatoka mbio hadi kwa mjomba.

"Shikamoo. Barua isiende!"

"Marahaba. Umeugua, mpwa wangu?"

Hakungoja kujibu. Akaenda kwa Gulamali, akaomba simu, akapiga zahanati ya Temeke alikokuwa Koku.

"Halo?"

"Fundi wako hajambo?"

"Theo? Fundi gani?"

"Wa baiskeli! Mwenye kovu!"

Kicheko kikapasuka huko. "Mwalimu! Si wewe uliyesimama ubaoni ukasema msimulizi ni mtu wa kubuni, hata akisema 'mimi' tusimtafute mwandishi humo?"

Gulamali, aliyejifanya anapanga vibiriti, akakohoa.

"Hiyo ni ya vitabuni," Theonest akasema. "Kovu je?"

"La mgonjwa wangu, bibi wa miaka sabini. Nimemwazima fundi."

"Kwa hiyo hayupo?"

"Hayupo. Ila dhamira yangu umeiona?" Sauti ikashuka. "Miezi mitatu unanisindikiza, unanisomesha mandhari. Hujaniambia hata siku moja nimependeza. Nikaona bora nimtunge mwanamume anayesema."

Theonest akageuka. Duka zima limetega masikio; hata jirani Mwanakombo, aliyekuja kununua mafuta ya taa, kashusha chupa chini asikie vizuri.

"Sema, Mwalimu," Gulamali akanong'ona. "Sie tunakusubiri wewe."

"Umependeza, Koku. Tangu siku ya kwanza. Nakupenda."

"Sikusikii, watoto wanalia huku!"

"NAKUPENDA! NATAKA KUKUOA!"

Mwanakombo akapiga kigelegele mpaka vibiriti vikaanguka.

"Sasa nimesikia," Koku akasema, anavuta makamasi kidogo. "Mtume mjomba wako Jumapili."

Kisha sauti yake ikabadilika.

"Theo."

"Naam, laazizi."

"Huyo mwanamke anayekupigia kigelegele sikioni ni nani?" Na safari hii hakuwa anacheka hata chembe.