Tumeshapoa

Jongoo aliingia kwa Mzee Mloka bila kugonga, akapita juu ya tope kwa miguu yake sabini, akapanda ukutani na kutoa ulimi. Akaanza kulamba. Akalamba chokaa, akalamba fremu ya mlango, akalamba hata ubavu wa kabati la vyombo, na kila alipolamba akajua: maji yalifika hapa, yakakaa saa kumi na nne, yalikuwa na mafuta ya gari na kinyesi cha watu. Jina lake la kwenye makaratasi lilikuwa kikaguzi, chombo cha kampuni ya Bima ya Tulizo cha kupimia hasara. Lakini watu wa Kichangani, pale Morogoro, walivyoiona ile miguu walisema huyu ni jongoo, basi likawa ndilo jina.

Alipomaliza kulamba alishuka, akasimama mbele ya mzee, akainamisha kichwa. Halafu akasema kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, sauti nzito yenye machozi ya kiasi tu, siyo mengi:

"Pole sana, baba yangu. Poleni na majanga."

Mzee Mloka alivua kofia. "Tumeshapoa, mama. Tumeshapoa."

Mgongoni mwa Jongoo palikuwa na taa nyekundu. Ikageuka kijani. Jongoo akatoka kama alivyoingia.

Upande wa pili wa ua wa michongoma alisimama Tausi Mkude, jirani yao, ndoo mkononi. Akatema mate chini. Sauti ile ilikuwa yake.

Sasa huyu Tausi kazi yake ilikuwa nini? Kila mtaa una mtu wake wa misiba. Kulia si kitu, kulia kila mtu anajua. Kazi ni kutoa pole. Wapo watu, tena wamesoma, wakifika msibani hawajui hata mikono waiweke wapi. Tausi akifika, mfiwa anapata pa kuegemea. Mke wa Mzee Mloka alipofariki, ni Tausi aliyekaa na mzee siku tatu, akimsemesha kidogo, akinyamaza sana, akimlisha uji kwa ujanja.

Miaka minne kabla ya mafuriko haya alikuja Injinia Fikiri wa Bima ya Tulizo, kijana msafi, adabu tele, shikamoo mpaka chini. Akasema, "Mama, watu wetu wakipata hasara tunawapelekea bati la kukagua, nalo linaongea kama bati. Tunataka liwe na utu." Nani angekataa neno zuri kama hilo? Wakamweka kwenye chumba kilichozungushiwa magodoro, siku kumi na moja, akawa anasema pole wakimrekodi. Pole ya moto, pole ya maji, pole ya wizi, pole ya ajali. Akawafundisha kwamba mfiwa hapewi pole ukiwa umemsimamia kichwani kama askari; unainama. Akawafundisha na majibu yake.

"Mtu aliyelelewa," aliwaambia, "ukimpa pole atakujibu tumeshapoa. Hata kama hajapoa. Ni adabu tu."

Fikiri aliandika neno lile, akalipigia mstari. Tausi aliona. Akadhani kijana anapenda kujifunza.

Turudi kwenye tope. Miaka hiyo hupewi umeme wa nyumba kama huna bima, kwa hiyo Kichangani nzima walikuwa nayo, na karatasi ya bima ilikuwa na sharti moja: usiguse kitu mpaka kikaguzi kifunge faili. Usifagie, usipige deki, usibandue chokaa. Ukigusa, umefuta ushahidi. Basi watu wakakaa na tope lao. Siku ya tisa tope lilikuwa limeanza kunuka kama panya aliyekufa darini. Siku ya kumi na tano ukungu mweusi ulikuwa umepanda ukuta wa Mzee Mloka mpaka kwenye picha ya harusi, mweusi wenye manyoya. Na mzee alikuwa na pumu. Semeni, binti yake, alimlaza barazani, lakini mvua ilikuwa ikinyesha kwa upande, na mara zote walirudi ndani kulala na ule ukungu.

"Dada Tausi," Semeni alisema, "huyu mdudu amekuja mara nne. Anatupa pole, anaondoka. Hivi hasara yetu anaimeza?"

"Chausiku wa chipsi amelipwa," Tausi akasema.

"Chausiku? Mwenye mdomo ule?"

"Siku ya nne tu. Alipopewa pole alimwambia Jongoo, pole kampe mama yako, mimi nataka ukuta wangu. Nikaiona taa. Ilibaki nyekundu."

Wakatazamana. Tausi akaanza kupita nyumba hadi nyumba akiuliza swali moja: ulipopewa pole, ulijibuje? Waliotukana walikuwa wanapiga plasta. Walionuna na kunyamaza walikuwa wanapaka rangi. Wenye adabu zao, waliovua kofia, walikuwa wanaumwa vifua.

Asubuhi iliyofuata alivaa kanga safi, akaenda mjini kwenye ghorofa la Bima ya Tulizo. Fikiri alimpokea kwa furaha kabisa, akamketisha, akamletea juisi ya ukwaju. Ofisi ilinukia marashi. Ukutani palikuwa na kioo kikubwa chenye nukta za dhahabu, zinakwenda na kurudi bila kuchoka, kama siafu.

"Kile ni kichungaji," Fikiri akasema. "Kinachunga pesa."

"Pesa za nani?"

"Za watu, mama. Za bima. Ngoja nikueleze, ni kitu kizuri sana. Sisi tunapima hatari ya nyumba, tunakadiria itapata hasara mara ngapi, tunatoza ada. Sasa katika kila shilingi mia za ada, zinazotoka kulipa hasara na mishahara ni kama tisini na tisa. Inabaki moja. Mwaka wa mafuriko hata hiyo moja haibaki. Kwa shilingi moja unajenga ghorofa hili?"

"Sijui. Mimi si fundi."

Fikiri akacheka. "Kwenu mna ng'ombe?"

"Kwa babu walikuwepo."

"Haya. Mtu akikuachia ng'ombe wake umtunzie, maziwa ni ya nani?"

"Ya anayetunza. Mpaka mwenyewe aje kumchukua."

"Umemaliza. Ada inaingia leo, hasara inakuja kesho au mwaka kesho. Katikati hapo ng'ombe yuko kwetu. Kichungaji kinampeleka malishoni: hati za serikali, mashamba ya umeme wa jua, meli zinazochimba mwezini. Jioni anarudi na maziwa. Ng'ombe wa mtu hatuli, mama. Kila mtu analipwa haki yake, senti kwa senti. Sisi tunakunywa maziwa tu."

"Na mwenye ng'ombe akichelewa kumfuata?"

"Tunazidi kukamua," Fikiri akasema, kwa upole kabisa.

Tausi akaiweka juisi chini. Alikuwa ameinywa mara moja, na ilikuwa na ladha ya tope.

"Kwa hiyo mnawachelewesha."

"Hapana, hapana. Foleni lazima iwepo. Wenye shida kali wanatangulia, wengine wanafuata. Na tungejuaje nani ana shida kali? Wewe ndiye uliyetusaidia. Mtu akisema tumeshapoa, ina maana amepoa. Aliyepoa hana haraka. Taa inageuka kijani, faili linasubiri. Amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, na tumerekodi."

"Nilikuambia ni adabu tu."

"Uliniambia," Fikiri akakubali. "Na watu wa huku wana adabu sana. Kwa wastani wanasubiri siku thelathini na nane kila mmoja. Zidisha kwa nyumba laki mbili, mama, ni maziwa ya kuogelea."

Tausi akamtazama yule kijana msafi. Maneno yake yote mazuri yalikuwa humo ndani ya mashine. Akatoka. Chini, kwenye maua ya kampuni, alitema mate yenye ladha ile ya tope.

Alirudi Kichangani akapita mlango kwa mlango, akisema hicho hicho kila mahali. "Mkisikia sauti yangu inasema pole, msijibu. Kaeni kimya. Hata ikilia, hata ikibembeleza. Msijibu."

Kwa Mzee Mloka alipata kazi.

"Mtu anipe pole nimtumbulie macho?" mzee aliuliza, kifua kikipiga filimbi. "Mama yangu atafufuka anichape."

"Si mtu, baba. Ni bati."

"Bati lina sauti yako."

"Ndiyo maana nakuomba. Ni mimi nakuomba."

Mzee akaapa. Na Jongoo alipokuja tena, mzee alikaza midomo, akakishika kidevu kwa mkono kama mtu mwenye jino bovu. Semeni alisimama nyuma yake amemshika bega. Tausi alikuwa kwenye michongoma, hapumui.

"Pole sana, baba yangu," Jongoo akasema. Kimya. "Poleni na majanga." Kimya. Taa nyekundu. Mara ya tatu, mara ya nne. Mara ya tano mashine ilichimba kwenye yale magodoro ya siku kumi na moja, ikaja na sauti ya chini kabisa, ile Tausi aliyotumia kwa waliofiwa na wenza wao.

"Pole, baba. Najua. Najua, baba."

Mzee akaanza kutokwa na machozi. Sauti ile ndiyo iliyomlisha uji.

"Tumeshapoa, mwanangu," akasema. "Tumeshapoa."

Kijani.

"Baba!" Semeni akapaza sauti. Mzee akamtazama kwa aibu, kama mtoto aliyekojoa. "Ningefanyaje?" akasema. "Ni Tausi."

Alidumu siku kumi na mbili zaidi. Daktari aliandika kifua, lakini aliyemwosha alisema hata puani mwake mlinuka ule ukungu.

Asubuhi ya maziko Jongoo alifika, maana kampuni ilikuwa na utaratibu wa kuhani wateja wake. Akapita kwa miguu sabini katikati ya viatu vya watu, akainama mbele ya Semeni, akatoa pole. Mtaa mzima ulikuwa pale, na hakuna aliyefungua mdomo. Alisema pole zaidi ya mara thelathini, kwa kila sauti aliyokuwa nayo, akaondoka na taa yake nyekundu. Pesa ziliingia kabla ya adhuhuri, zote, senti kwa senti. Semeni aliitazama simu, akaigeuza kifudifudi juu ya mkeka.

Tausi hakuwapo asubuhi ile. Alikuwa kwake, akipika uji, akiumwaga na kuupika upya. Alasiri ndiyo alipata nguvu ya kuvuka ua. Alikuta mlango umerudishwa, wanawake wako ndani, anawasikia wakinong'ona. Hakujua aseme nini, kwa hiyo alisema lile alilolisema maisha yake yote.

"Poleni jamani. Poleni sana."

Minong'ono ikakatika.

Akangoja na sufuria yake ya moto. Akasema tena, chini zaidi, "Pole, Semeni. Pole, mdogo wangu."

Halafu akamsikia Semeni, si kwa hasira, kwa uchovu tu, akiwaambia wenzake:

"Msijibu."