Mstari wa Tano

Mezani ziliandaliwa sahani tano, nao walikuwa wanne. Hakuna aliyeshtuka. Wahudumu wa hoteli kubwa huambiwa kwamba ni heri kuzidisha kuliko kupunguza, na siku ya kwanza ya likizo mtu hana macho ya kuhesabu vijiko.

"Wa tano wenu anakuja, au nimtengee?" aliuliza mhudumu.

"Mtengee tu," alisema fundi, baba wa familia hiyo, aliyekuwa akitengeneza mafriji na kuamini kwamba kila jambo lina utani wake. "Asipokuja, mimi nipo."

Mkewe alicheka pamoja naye. Alikuwa karani wa masijala kwa miaka kumi na tisa, na kwa wiki mbili zilizopita hakuwa amecheka, kwa sababu sebule yao iligeuka bunge. Hoja ilikuwa moja: siku sita za likizo waende mji wa ufukweni, au waende ile risoti iliyo mbele kidogo ya mji, yenye ukuta mrefu na geti moja?

Fundi alitaka mji. "Mtu atoke na kandambili zake, abishane na muuza samaki, apotee vichochoro viwili, arudi amechoka. Hiyo ndiyo likizo."

Karani alitaka risoti. Bwawa limo ndani, jiko limo ndani, ufukwe wao wenyewe, hata kinyozi. Ukishaingia hutoki mpaka siku ya kuondoka.

"Hiyo ni jela yenye bwawa," alisema fundi.

"Jela ambayo mimi sipiki," alijibu karani, na kikao kikafungwa. Mama mkwe, alipoulizwa, alisema apelekwe popote penye kiti chenye mgongo. Kidoti, binti yao wa miaka saba, kura yake ilikuwa imechukuliwa siku nyingi na bembea ya kuteleza iliyochorwa kwenye tangazo la risoti.

Sasa, kuhusu fomu. Dada wa mapokezi aliwapa fomu yenye nakala tatu, mojawapo haijulikani huenda wapi, kama ilivyo desturi ya nakala ya tatu duniani kote. Palikuwa na mistari mitano ya majina ya wageni. Karani akajaza minne kwa mwandiko wake wa masijala, uliosimama wima kama askari wa gwaride. Kisha, bila kufikiri, akaelekeza kalamu kwenye mstari wa tano.

Ofisini kwao walimwita Mama Mistari. Nafasi yoyote iliyobaki tupu kwenye karatasi ya serikali aliikata kwa mstari mmoja wa mshazari na kutia saini mwishoni, ili asije mtu mwingine akaandika lake. Wakubwa walimcheka, lakini wakubwa wamekuja na kuondoka, na mafaili yake yamebaki.

Fundi akamshika mkono. "Uko likizo, Mama Mistari. Hebu mwache huyo mstari naye apumzike."

Dada wa mapokezi akacheka. Mama mkwe akacheka. Karani akaifunika kalamu, na akajisikia vizuri, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi.

Dada akawafunga mikanda ya plastiki mikononi, minne, halafu wa tano akauweka ukingoni mwa meza. "Huu mwenyewe atauchukua," alisema. Waliporudi jioni kuulizia taulo, mkanda haukuwepo.

Taulo nazo zilikuwa tano, zimekunjwa kitandani. Ile ya chini ilikuwa na alama ya kahawia, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, isipokuwa pasi haina vidole. Na vile vidole vilikuwa virefu mno.

"Nani anapiga pasi?" aliuliza mama mkwe, akinusa. "Kitambaa kinaungua."

"Jikoni hapo, mama," alisema fundi. Jiko lilikuwa upande wa pili wa bwawa, na upepo ulitoka baharini.

Asubuhi ya pili harufu ilitangulia kufika mezani. Sahani tano tena. Juisi ya mtoto, yenye mrija na kipande cha chungwa, iliwekwa mbele ya kiti kitupu, na Kidoti akaletewa kikombe cha kahawa chungu. Karani alibadilisha. Alipogusa kile kiti kitupu akauondoa mkono haraka, maana kilikuwa cha moto kama kiti cha gari lililoachwa juani, na wao walikuwa wamekaa kivulini.

Kidoti alikuwa anaongea kwa sauti ndogo, kinywa kikielekea dirishani.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Huyu. Anasema amechoka kukaa mwisho."

Fundi, bila utani, akakisogeza kiti chake karibu na cha binti yake.

Mchana ule, pale kwenye bembea ya kuteleza, kijilango cha chuma kilifungwa kwenye vidole vya Kidoti. Msimamizi alikimbia, akaomba radhi mpaka akatia huruma. "Mama, naapa sikuona mtu pale. Ngazi ilikuwa tupu." Naye hakuonekana mwongo. Kilichomtisha karani ni kwamba, hata wakati akiomba radhi, yule msimamizi alikuwa akiuangalia kwa shida mkono uliofungwa bendeji, akikunja macho, kama mtu anayesoma karatasi iliyofifia.

Siku ya tatu sahani zilikuwa nne.

Karani alishusha pumzi. Alihesabu: ya mama mkwe, ya fundi, ya kwake, na ya nne ilikuwa mbele ya kiti cha dirishani, ambacho hakikukaliwa na mtu. Kidoti alikuwa amesimama, mikono nyuma, akisubiri kama anavyosubiri mtu kwenye nyumba asiyoijua.

"Na mtoto je?" aliuliza karani.

"Mtoto yupi, mama?" aliuliza mhudumu, kwa upole kabisa.

"Njoo hapa," alisema mama mkwe, akimnyooshea mkono mjukuu wake. "Njoo kwa bibi, wewe... wewe..." Bibi akakwama. Alimtazama binti aliyemlea tangu hajaota jino, akalitafuta jina lake, hakulipata, na machozi yakamtoka yeye mwenyewe kabla hajajua analia nini. Kisha akamvuta karani sikioni.

"Mkwe wangu, hilo ni jini," alinong'ona. "Na wala halitaki damu wala ubani. Linataka nafasi. Tuondoke wakati mimi na wewe bado tunamwona."

Hawakumaliza chai. Walitupa mizigo kwenye gari bila kukunja nguo, mama mkwe akakaa nyuma na Kidoti mapajani, fundi akawasha injini, na njia yote ya changarawe mpaka getini karani hakuthubutu kuangalia kioo cha ndani, kwa sababu ile harufu ya kitambaa kinachoungua ilikuwa humo humo garini, karibu kabisa, nyuma ya shingo yake, na kiti cha upande wa pili wa mama mkwe kilikuwa kimebonyea.

Mlinzi alikuja na orodha yake. Alikuwa mtu wa adabu.

"Mnaondoka mapema, wazee wangu. Mlioingia ni watano." Akainama, akachungulia. "Mzee, mama, bibi, na huyu bwana hapa nyuma. Wanne. Wa tano yuko wapi?"

"Bwana gani?" fundi aliuliza.

Mlinzi akadhani anataniwa, akatabasamu kwa yule aliyekuwa nyuma, na tabasamu lake likachelewa kufutika. "Utaratibu, mzee. Idadi iliyoingia ndiyo inayotoka. Nendeni mapokezi wakawarekebishie."

Karani alishuka peke yake. Mwendo wake ulikuwa ule wa kwenda kutafuta faili lililopotea: wa haraka, kimya, bila kusalimia mtu.

Dada wa mapokezi aliitoa fomu. Kwenye mstari wa nne, kwa mwandiko wa karani mwenyewe, ule uliosimama kama gwaride, paliandikwa neno moja: *Yupo*. Jina la Kidoti lilikuwa limeteremka kwenye mstari wa tano, na wino wake ulikuwa umepauka hivi kwamba herufi mbili za mwisho zilikwisha kuondoka.

"Likate hilo," alisema karani. "Sikuandika mimi."

"Mwandiko si wako, mama?"

Karani aliigeuza fomu, akatafuta nafasi ya marekebisho.

"Aliyesajiliwa hafutwi," alisema yule dada, macho chini, akinong'ona kama anayeogopa kusikika na samani. "Anaondoka na aliyemleta, au anahamishiwa kwa mwenyeji mwingine. Ipo fomu ya uhamisho. Mpokeaji anasaini, muhuri unagongwa."

"Na uhamisho ukifutwa?"

"Mgeni anarudi kwa aliyemleta."

Karani alichukua fomu akaijaza pale pale kaunta. Hakuficha kitu. Aliandika kwa uwazi, kama alivyofundishwa: *Mgeni aliyeko mstari wa nne si wetu. Kuanzia sasa yu pamoja na meneja na nyumba yake, ambaye amempokea kwa hiari.* Nafasi zote zilizobaki akazikata kwa mistari, moja baada ya nyingine. Kisha akabisha hodi kwa meneja.

Meneja alikuwa mtu wa simu mbili. Moja ilikuwa sikioni, nyingine inalia mezani, na kando yake palikuwa na rundo la karatasi alizokuwa akizisaini bila kuzitazama. Karani aliwajua watu hao. Amewapelekea karatasi kwa miaka kumi na tisa. Alisukuma yake mbele, kidole kikiwa kwenye nafasi ya saini.

"Hapa tu, bosi."

Meneja akasaini, akaendelea kugombana na mtu kuhusu pampu ya maji.

Nyuma yake karani alihisi joto. Lilikuwa limemfuata. Lilisimama mlangoni, likisubiri kwa subira ya mtu aliyekwisha kuzoea foleni.

"Baba, nigonge mimi?"

Sauti ilitoka chini ya meza. Akatokea msichana wa miaka kama saba, penseli ya rangi mkononi, meno mawili ya mbele hayapo. Alimwona karani, akajirekebisha haraka. "Shikamoo."

Kupitia dirishani karani aliliona gari lao, na kwenye kioo uso wa Kidoti, au pale ambapo uso wa Kidoti ulipaswa kuwa, maana jua liliupenya kama linavyopenya pazia la chandarua, na mama mkwe aliyempakata alikuwa ameanza kuilegeza mikono, polepole, kama mtu anayesahau alikuwa ameshika nini.

"Marahaba," alisema karani.

"Gonga, mwanangu, gonga," alisema meneja, kiganja kimefunika simu. "Anapenda muhuri huyu kuliko pipi."

Binti akaupulizia muhuri pumzi, *haah*, akapanda kwenye kiti kwa magoti, akaunyanyua kwa mikono miwili.

Karani aliishika karatasi isiteleze.

Getini mlinzi alihesabu, akafunga orodha. "Wanne. Safari njema. Kumbe mna mrembo! Haya, mrembo, nipe mkanda wako."

Siku tatu zilizobaki walikaa mjini, kwenye nyumba ya wageni yenye redio ya jirani na mchanga ndani ya mashuka. Kidoti alikula kwa wawili. Mama mkwe alimwita jina lake mara mia kwa siku, hata pasipo haja. Fundi alibishana na muuza samaki, akapotea vichochoro viwili, akarudi akitangaza kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Alipomuuliza mkewe aliwezaje kule ofisini, alijibiwa, "Utaratibu tu."

Na karani alijiambia hivyo hivyo. Aliandika kwa uwazi. Asiyesoma anachosaini asimlaumu mwandishi.

Simu ililia mchana wa siku ya mwisho, akiwa kibarazani. Alikuwa meneja, naye aliongea chini kwa chini, kama mtu aliye kwenye nyumba ya mgonjwa.

"Mama, samahani. Ile karatasi yako, leo nimeisoma. Nataka kukuuliza kitu, usinione mwehu. Mezani wametuandalia watatu. Mimi, mke wangu, na... Halafu hapa mlangoni kuna kiatu kidogo. Mke wangu anasema kitakuwa cha mgeni. Wewe uliingia ofisini kwangu, mama. Nakuomba. Uliona nina mtoto?"

Chini, ukingoni mwa maji, Kidoti alikuwa anamzika baba yake mchangani, anacheka mpaka anaanguka. Karani alimtazama. Jibu lilikuwa neno moja tu, na alijua kwamba huyo bwana akilipata ataichana ile karatasi saa hiyo hiyo. Alijua pia itakapochanwa nani atakuwa safarini kuja kwao.

"Bosi," alisema, kwa ile sauti yake ya dirishani, sauti ya kuwarudisha watu waje kesho, "mimi nilikuwa mgeni tu pale. Labda uwaulize mapokezi."

Upande wa pili sauti ya mwanamke ikasikika kwa mbali, tulivu, haina wasiwasi wowote: "Unaulizia nini huko? Chakula kinapoa."

"Sijui," alisema meneja. "Nilikuwa nacho kitu hapa, kimenitoka."

Na simu ikakatwa.